Walker Si Mtembeaji

Mwezi uliopita nilirudishiwa kazi niliyoitafsiri. Mteja alitaka historia ya ukoo wake iwekwe kwa Kiswahili, wakwe zake wa Tanga waisome. Ukoo wenyewe unaitwa Walker, neno ambalo kwa Kiingereza cha leo ni mtembeaji, nami kwa kujiamini nikaeleza kwamba wazee wao walikuwa "watembeaji". Alinijibu kwa mstari mmoja, kazi akampa mwingine. Miaka 11 nimekula kwa kalamu hii. Jibu lile bado linanichoma.

Nikakaa kitako, nikasoma. Walker alikuwa fundi wa vitambaa. Sufu ikitoka kwenye kitanda cha mfumi huwa legelege, imejaa mafuta ya kondoo. Fundi huyu aliiloweka katika mkojo uliochacha, akaingia miguu mitupu, akaikanyaga na kuikanyaga mpaka mafuta yatoke na nyuzi zishikane. Kitenzi cha Kiingereza cha kale, wealcan, kilichohusu kuviringisha na kusukasuka, ndicho kilichozaa jina lake. Baadaye vikaja vinu vya maji vyenye nyundo za mbao. Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kilikuwepo kimoja kufikia 1185. Miguu ikapumzika, jina likabaki.

Kilichonishangaza zaidi: kazi hiyohiyo moja ina majina matatu! Kaskazini mwa Uingereza Walker, kusini na mashariki Fuller, na kusini-magharibi, kule Devon, Tucker. Mjini Exeter, hukohuko Devon, bado umesimama ukumbi wa mafundi hao, Tuckers Hall, uliojengwa 1471. Laiti ningeyajua haya mwezi mmoja mapema.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaotaka kuishi kwa kutafsiri, msiliamini neno kwa sura yake ya leo. Ulizeni kwanza mtu huyo mikono yake ilishika nini, au miguu yake ilikanyaga nini. Kisha ulizeni aliishi wapi. Chukueni jina Webster: ni mfumaji, na ule mwisho wa -ster hapo kale ulikuwa wa wanawake. Nyuma ya jina hilo huenda yuko bibi, nasi tunaandika "babu" bila kufikiri. Tunaharakisha mno! Jina la ukoo ni jasho la marehemu. Anayelifasiri kwa kubahatisha anamdhulumu mtu asiyeweza kujitetea. Ulizeni kazi, nasema tena, kabla ya kushika kalamu.

Juzi msomaji mmoja ameniuliza kuhusu Tucker, jina la mumewe. Kabla ya kumjibu nilimuuliza wazee wa mumewe walitokea wapi. Akaandika: Devon.