Maswali ya Wasomaji: Gravity, kamba iliyoachiwa na runinga inayoharibu giza

Filamu ya Gravity ya Alfonso Cuarón ilitoka mwaka 2013 na barua zake bado hazikatiki. Kwa ambaye hajaiona: Dk. Ryan Stone (Sandra Bullock) na mwanaanga mkongwe Matt Kowalski (George Clooney) wako nje ya chombo wakiitengeneza darubini ya Hubble. Mabaki ya setilaiti iliyopigwa kombora yanawakumba, chombo kinaharibika, na kuanzia hapo kazi ni moja tu, kurudi duniani wakiwa hai. Ni dakika 91. Waandishi wa barua wamegawanyika: wako waliotoka wakitetemeka na wako waliotoka wakihesabu makosa. Kwa maoni yetu pande zote mbili zina haki, kwa sababu filamu hii inausema ukweli mwili unavyohisi angani, lakini inadanganya juu ya umbali.

Nilimpeleka mama mkwe kuiona kwa miwani ya 3D. Hata nusu saa haikufika, akafumba macho na kuomba tutoke, kichwa kinamzunguka. Je, ni ugonjwa? (Msomaji, Mombasa)

Mpe pole mama, dada, na mwambie si ugonjwa. Macho yanamwambia anabingirika, huku sikio la ndani likisema ametulia kitini. Ubongo ukiletewa taarifa mbili zinazopingana hujibu kwa kizunguzungu, jasho jembamba na kichefuchefu. Filamu nyingi hukata picha kila baada ya sekunde chache na jicho hupata kupumzika. Hii inaanza na picha moja isiyokatwa kwa zaidi ya dakika 12, kamera ikimzunguka mtu ambaye naye anazunguka, na hakuna juu wala chini. Kisha kamera inaingia taratibu ndani ya kofia ya Stone na tunaanza kuona kwa macho yake. Hapo ndipo wengi huzidiwa.

Mkirudia, kaeni safu za nyuma katikati ili kioo kisijaze macho yote. Asiende na njaa wala asishibe kupita kiasi. Dalili zikianza, kuvua miwani hakutamsaidia, maana picha zitabaki mbili zilizopishana. Afumbe macho, au aitazame taa ya mlango wa kutokea kwa nusu dakika, na afanye hivyo mapema, kwa sababu kichefuchefu kikishapanda huchukua muda kushuka. Dawa za kichefuchefu cha safari hufaa zikimezwa kabla, na kama anatumia dawa nyingine za kila siku amuulize mfamasia kwanza. Onyesho lisilo la 3D litamfaa zaidi.

Kowalski anaifungua kamba ili Stone apone, na sinema nzima ikaguna. Mwalimu wetu wa fizikia anasema hakuna kilichokuwa kinamvuta. Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Mwalimu wako. Neil deGrasse Tyson, mwanafizikia wa anga wa Marekani, alilalamikia jambo hilohilo filamu ilipotoka. Tuliangalie kwa karibu, kwa sababu hili ndilo kosa lililowauma wajuzi kuliko yote.

Mguu wa Stone umenaswa na kamba za parachuti ya Soyuz, chombo cha Kirusi kilichotia nanga kwenye kituo cha kimataifa cha anga (ISS), na Kowalski yuko mwisho wa kamba inayowaunganisha. Wote wawili, pamoja na kituo, wanaizunguka dunia kwa kasi ileile ya takriban kilomita 7.7 kwa sekunde. Kamba ikishakaza na mwendo wake kusimama, hakuna nguvu inayoendelea kumvuta kwenda mbali. Ardhi ndiyo humvuta mtu aliyening'inia kwenye mwamba. Hapa kila kitu kinaanguka pamoja.

Sasa piga hesabu. Mtu, suti na mkoba wake wa kujisukumia, jumla tuseme kilo 350. Stone akiivuta kamba kwa nyutoni 10, nguvu unayotumia kushika chupa ya maji ya lita moja, kwa sekunde moja tu, Kowalski atapata mwendo wa karibu sentimita 3 kwa sekunde. Kamba ya mita 10 ataimaliza kwa dakika zisizofika sita. Pengine hata kuvuta kusingehitajika, kwa sababu kamba za parachuti hunyumbuka, na zingemrudisha zenyewe.

Wapo wanaoitetea filamu, na hoja zao si za kupuuza. Wa kwanza wanasema kamba zilikuwa zinaendelea kuteleza mguuni, yaani mwendo haujasimama. Wengine wanasema kituo kilikuwa kinazunguka. Ni kweli kwamba kituo kikizunguka mara moja kwa dakika, mtu aliye mita 30 kutoka kitovu cha mzunguko angevutwa nje kwa takriban nyutoni 115, sawa na kubeba karibu kilo 12 hapa duniani, na kamba inayoteleza isingeuhimili mvuto huo. Tatizo ni kwamba picha haituonyeshi mzunguko huo waziwazi. Sekunde mbili za kamba kuteleza, au nyota kuhama nyuma ya bega la Kowalski, zingelifuta lalamiko lote, na kwa timu yenye ustadi wa kiwango hicho tunaona ni kosa la uzembe katika tukio lililobeba moyo wa hadithi.

Mkoba wa Kowalski ungeweza kuwafikisha kituo cha kimataifa kutoka Hubble? (Fundi, Mwanza)

Hapana, wala haukaribii. Mkoba ule umeigizwa kutoka MMU, kifaa cha NASA kilichotumika angani katika safari tatu, zote mwaka 1984. Kilibeba kilo 12 hivi za gesi ya naitrojeni na kingeweza kubadili mwendo wa mwanaanga kwa mita 25 hivi kwa sekunde, basi. Wanaanga wa leo huvaa kifaa kidogo zaidi kiitwacho SAFER, chenye uwezo wa mita 3 kwa sekunde, na ni cha dharura tu.

Filamu ilipotoka Hubble ilikuwa kwenye kimo cha zaidi ya kilomita 500, na obiti yake, yaani njia yake ya kuizunguka dunia, imeinama nyuzi 28.5 kutoka ikweta. Kituo cha ISS kiko takriban kilomita 420 na kimeinama nyuzi 51.6. Watu hushangaa wakiambiwa kwamba tofauti ya kimo sicho kikwazo kikuu. Kikwazo kikuu ni mwinamo. Kuigeuza njia kwa nyuzi 23 kunadai mabadiliko ya mwendo ya karibu kilomita 3 kwa sekunde, zaidi ya mara 100 ya uwezo wa MMU. Hata chombo chenyewe cha Marekani, shuttle, kilipofika angani kilibakiwa na uwezo wa mita 300 hivi kwa sekunde. Ndiyo maana shuttle ya Atlantis ilipokwenda kuitengeneza Hubble kwa mara ya mwisho Mei 2009, NASA iliiweka shuttle nyingine, Endeavour, tayari kwa uokoaji kwenye pedi nyingine ya kurushia. Baada ya ajali ya Columbia ya 2003 kila mtu alijua kwamba wale wanaanga wasingeweza kukimbilia ISS.

Chozi la Stone linaelea hadi kwenye kamera. Ni kweli? (Zanzibar)

Picha nzuri, lakini si kweli. Bila uzito chozi halitiririki wala halidondoki. Mvutano wa uso wa maji hulinatisha kwenye jicho likawa tone nene linalotambaa kuelekea pua, na hubaki hapo mpaka lifutwe. Chris Hadfield wa Kanada alilionyesha hilo akiwa ISS mwaka 2013 kwa kujimiminia maji jichoni. Afadhali chozi kuliko nywele, ambazo kichwani kwa Stone zimetulia tuli wakati zilipaswa kusimama.

Ukumbini nililia. Nimeirudia nyumbani na wanangu, wakasema inachosha. Imekuwaje? (Baba, Arusha)

Kaka, usiwalaumu watoto. Filamu hii imejengwa kwa giza, ukimya na ukubwa, na runinga ikitoka dukani huwa imepangwa kuviua vyote vitatu.

Anza na mipangilio ya picha. Chagua hali ya sinema, kisha zima kifaa cha kulainisha mwendo: LG hukiita TruMotion, Sony Motionflow, Samsung Auto Motion Plus. Kikiwa kimewashwa, runinga hubuni picha za ziada katikati ya zile 24 za kila sekunde, na Bullock anaonekana yuko studio ya tamthilia. Usiikuze picha ili ijaze kioo. Filamu ni pana kuliko runinga, hivyo robo hivi ya kioo itabaki nyeusi juu na chini, na ukiikuza unakata kingo ambako mara nyingi mabaki huonekana kwanza.

Kisha sogea. Kwa runinga ya inchi 55 keti mita 1.7 hadi 2.3, kwa inchi 43 mita 1.3 hadi 1.8. Sebule zetu nyingi zina makochi yaliyobanwa ukutani upande wa pili, mita nne au tano, na kwa umbali huo hata Bahari ya Hindi ni kiberiti. Zima taa, funga pazia, au subiri usiku.

Sauti ndiyo wengi huikosea zaidi. Angani hakuna hewa ya kubeba sauti, na Glenn Freemantle aliyesimamia ubunifu wa sauti alitumia mitetemo: unasikia kile tu ambacho Stone angekihisi kupitia mikono na suti yake. Mabaki yanakipasua kituo bila mlio, huku muziki wa Steven Price ukibeba hofu. Sasa zima hali ya usiku na usawazishaji wa sauti wa runinga, kwa sababu hupandisha ukimya na kushusha kishindo mpaka vikalingana. Pangilia sauti kwa mazungumzo ya mwanzo, kisha weka rimoti chini. Kama unachochezea ni spika ndogo za runinga, afadhali hedifoni. Na tafadhali tafuteni kopi isiyotafsiriwa. Tunawapenda watafsiri wetu wa vibanda vya video, kwenye filamu za mapigano wanaongeza utamu. Hapa kila sekunde wanayoijaza maneno ni sekunde ambayo filamu ilitaka mnyamaze.

Kowalski anarudi vipi ndani ya Soyuz? (Wasomaji kadhaa)

Harudi. Stone amekata tamaa na amepunguza oksijeni, na ubongo wenye njaa ya oksijeni huona watu. Angalia baada ya tukio: kiti ni kitupu, na mlango uliofunguliwa mbele yetu haukuwahi kufunguliwa. Hila anayofundishwa, ya kutumia injini za kutulia ardhini, ni kitu alichokijua tangu mafunzo. Injini hizo ni za kweli, kwenye Soyuz huwaka chini ya mita moja kabla ya kugusa ardhi.

Ninapiga video za muziki. Mwanga ule wa dunia ukipita usoni nitaupataje kwa vifaa vyangu? (Dar es Salaam)

Wao walimfunga Bullock ndani ya sanduku ambalo kuta zake zilikuwa paneli za LED, katika studio za Shepperton, Uingereza. Yeye alikaa karibu tuli, mwanga na kamera vikazunguka. Kilichobaki cha kweli kwenye picha nyingi ni uso. Suti, kioo cha kofia na anga vilitengenezwa na kampuni ya Framestore kwa kompyuta. Kanuni hiyo unaweza kuichukua bure: sogeza mwanga, usimsogeze mtu.

Tundika kaniki nyuma na pembeni, mita 2 kutoka kwa mwigizaji. Weka runinga ya inchi 50 au zaidi sentimita 60 hivi kutoka usoni, upande mmoja, iwe taa yako pekee. Cheza video ya dunia, NASA wanazo nyingi, na uipange ivuke kioo kwa sekunde kumi. Ung'avu wa runinga uweke juu kabisa, kwa sababu nyingi zikipunguzwa huanza kuwakawaka na kamera itaona michirizi. Piga picha 25 kwa sekunde, shata 1/50, na ufunge mwangaza na rangi kwenye simu, la sivyo simu "itarekebisha" kila dunia inapopita na kazi yote itapotea.

Kuzunguka kutafanywa kwenye uhariri. Piga kwa 4K: picha ikizungushwa duara zima inakubakizia takriban 1880 kwa 1060, inatosha. Mwigizaji asivae kioo halisi, kitaonyesha kamera. Nywele zibanwe. Kinachowaumbua wengi ni mabega: mtu aliyesimama huyashusha kwa uzito. Aketi kwenye stuli, mikono ielee mbele ya kifua, asogee polepole lakini azungumze kwa kasi ya kawaida. Zoezi hilo ni gumu, lipe siku nzima.

Kazi ile ya taa ilimpa Emmanuel Lubezki Oscar ya upigaji picha, moja kati ya saba za filamu hiyo tarehe 2 Machi 2014. Ni usiku uleule Lupita Nyong'o aliondoka na yake.

Mabaki yale yanaweza kutuangukia huku? (Msomaji, Machakos)

Kwa jirani zako yameshaanguka. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likasema ni pete ya roketi. Ukikuta kitu cha namna hiyo usikiguse, hasa tangi, kwa sababu baadhi ya mafuta ya roketi ni sumu kwa ngozi na mapafu. Zuia watoto na mifugo, piga picha kwa mbali, mjulishe chifu au polisi. Usikiuze kama chuma chakavu: ndicho ushahidi. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unaitaka nchi iliyorusha kulipa madhara ya ardhini bila aliyeumia kuthibitisha uzembe.

Ama mnyororo wa filamu, wa vipande kuvunja setilaiti na kuzaa vipande zaidi, Donald Kessler wa NASA aliueleza mwaka 1978. Filamu imeuharakisha mno. Wenyewe huenda kwa miaka mingi. Lakini Februari 2009 setilaiti mbili, Iridium 33 na Cosmos 2251, ziligongana kweli kimo cha kilomita 790 hivi. Kwenye kimo hicho hewa ni nyembamba mno kuvishusha vipande haraka, na vingi bado viko juu.