Mkopo wa mbuzi wa maziwa: nisaini?

SWALI: Shikamoo Mama. Naishi Bagira, Bukavu. Nimekubaliwa mkopo wa dola 400 ninunue mbuzi wawili wa maziwa. Marejesho ya kwanza ni baada ya mwezi mmoja. Nisaini? – Mama Furaha

JIBU: Marahaba, mama yangu. Usisaini bado, nakuomba. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano. Ukinunua jike asiye na mimba, utalipa deni miezi mingi bila tone la maziwa, na pesa hiyo itatoka kwenye chakula cha watoto. Nimeona majirani wakiuza mbuzi kwa sababu hiyo tu, na inaniuma sana.

Omba wanaokukopesha wakuongezee muda kabla ya kuanza kulipa. Wakikataa, chukua mbuzi mmoja aliyekwisha kuzaa, akamuliwe mbele yako asubuhi na jioni.

Uliza pia riba inahesabiwaje. Tuseme ni asilimia 3 kwa mwezi, miezi 10: ikikatwa kwa dola 400 zote kila mwezi, riba ni dola 120, ikikatwa kwa deni lililobaki, ni dola 66 tu. Na maziwa utayauza kwa faranga huku deni ni la dola. Faranga ikishuka, unaumia wewe.

Kama mko kwenye likelemba, yaani kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, mimi ningeanza na zamu yako, mkopo ufuate baadaye. Na matete ya kumlisha mbuzi yapandwe kabla hajafika.