Jibu: Hotuba ya kumkumbuka Merata Mita

Habari ndugu. Nimekuelewa: umepewa dakika 5 kumkumbuka Merata Mita, mtengenezaji filamu wa Kimaori (wenyeji wa asili wa New Zealand), kwenye klabu yenu ya filamu na hujui uanzie wapi.

Kabla hujaandika neno, tazama filamu ya 2018 ambayo mwanawe, Heperi, aliitengeneza kuhusu maisha yake. Kisha usifanye kosa langu. Nilianza na alizaliwa lini na wapi, watu wakashika simu zao. Anza na Patu!, filamu yake ya hali halisi ya 1983: maandamano ya New Zealand mwaka 1981 kupinga ziara ya timu ya raga ya Afrika Kusini, enzi za ubaguzi wa rangi. Hapo hadhira yetu inaingia yenyewe, huna haja ya kueleza kwanza Wamaori ni nani. Filamu yake ya hadithi, Mauri ya 1988, itaje kwa ufupi.

Muda uliobaki upeleke kwenye ualimu wake. Alifundisha shule kabla ya kushika kamera, baadaye chuo kikuu Hawaii. Sundance, taasisi ya filamu ya Marekani, wana ufadhili wenye jina lake kwa wanawake wa jamii za asili wanaotengeneza filamu. Alifariki Mei 2010.

Ruhusa ya kuonyesha vipande iombe mapema, mimi ilinichelewesha.