Kuhamisha kituo cha data: ramani ya mifumo inayotegemeana ichoreni kutoka kwenye trafiki

Mkuu uliyeanzisha uzi, umesema mna seva zaidi ya mia tano, nyingi zikiwa mashine pepe (seva za programu zinazoishi ndani ya seva halisi), mnahama kituo cha data, na bosi anataka kujua mfumo upi unategemea upi kabla hamjazima chochote. Umeuliza mnunue programu inayochora ramani yenyewe au mjitengenezee. Kazi hii nimeifanya kwenye taasisi moja ya fedha hapa Dar, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza, zile Excel za kuwapelekea wakuu wa vitengo wajaze zisiwe msingi wenu. Mtu anaukumbuka mfumo kama ulivyochorwa siku ya uzinduzi. Skripti iliyoongezwa baadaye na kijana wa mkataba ambaye keshaondoka haimo kichwani mwa mtu yeyote. Seva zenyewe ndizo zinazojua zinaongea na nani.

Anza leo leo na ss, amri ya kuonyesha miunganisho ya mtandao ya seva, maana iko kwenye karibu kila Linux. Amri ya ss -tnp ukiwa root (mtumiaji mwenye mamlaka yote) inakuonyesha miunganisho ya TCP iliyo hai pamoja na jina la programu inayoishikilia. Amri ya ss -tlnp inakuonyesha poti, yaani namba za milango ya huduma, ambazo seva inazisikiliza. Hii ya pili wengi wanairuka, na ndiyo inayokupa mwelekeo. Tuseme umeona mstari huu:

10.20.4.17:45822 kwenda 10.20.9.5:1521, java

Poti 1521 ni ya kanzidata ya Oracle. Hiyo 45822 ni ya muda tu, kwa sababu Linux huchukua poti za muda kati ya 32768 na 60999 kama hamjabadilisha. Maana yake 4.17 ni mteja na 9.5 ndiye anayetegemewa. Ila usiamue kwa kuangalia ukubwa wa namba peke yake, kwani kuna programu zinazosikiliza kwenye poti za elfu arobaini na kitu. Nenda kwenye 9.5 uthibitishe kwamba 1521 imo kwenye orodha ya poti zinazosikilizwa. Mkikosea mwelekeo, mpangilio mzima wa kuhama unageuka kichwa chini. Kwenye Windows tumieni netstat -ano.

Upungufu wa ss ni kwamba inapiga picha ya papo hapo. Muunganisho wa nusu sekunde unapita katikati ya picha mbili. Upande uliofunga kwanza hubaki na alama ya TIME-WAIT kwa sekunde 60, kwa hiyo mkipiga ss -tan kila dakika mtanasa jozi nyingi za anwani, ingawa jina la programu halionekani tena. Njia bora kwa seva mpya ni eBPF, inayokaa ndani ya keneli (kiini cha Linux) na kuandika kila muunganisho unapofunguliwa. Lakini kuna mtego: haioni miunganisho iliyofunguliwa kabla yake, na programu za Java hushikilia miunganisho ya kanzidata kwa siku nyingi bila kufunga. Kwa hiyo unapoiwasha, piga na ss mara moja ujaze pengo. Seva za zamani kama CentOS 6, yenye keneli 2.6.32, hazina eBPF kabisa, na bahati mbaya hizo ndizo mnazozijua kidogo kuliko zote.

Pale msipoweza kuweka kitu ndani ya mashine, chukueni rekodi za trafiki kutoka kwenye swichi na ruta: NetFlow, au IPFIX, kiwango cha wazi cha rekodi kama hizo kilichowekwa kwenye waraka wa RFC 7011 mwaka 2013. Programu za bure za nfcapd na nfdump zinatosha kupokea na kuchambua. Hakikisheni swichi haichukui pakiti moja kati ya elfu. Mpangilio huo unafaa kupima ukubwa wa trafiki, ila kwa ramani hii unapoteza miito midogo midogo. Jambo la pili: mashine pepe mbili zilizo kwenye seva moja ya VMware (programu ya kuendesha mashine pepe), kwenye VLAN moja (kipande kimoja cha mtandao), zinaongea humo humo ndani. Swichi yenu kubwa haioni kitu. Mkiwa na swichi pepe ya aina ya distributed, iwasheni itoe rekodi zake.

Sasa suala la muda, na hapa naomba umbane bosi wako. Sisi tulikuwa na seva moja isiyo na mwenyewe, kimya wiki nzima, na wenzetu wa mtandao walitaka izimwe. Tulikataa mpaka mwezi uishe. Usiku mmoja karibu na mishahara ilifungua muunganisho mmoja wa poti 22 (ya SSH, njia salama ya kuingia na kuhamisha faili) kwenda nje, ikachukua faili, kisha ikagusa kanzidata ya mikopo. Ilikuwa inaleta makato ya wafanyakazi kutoka kwa waajiri. Ukusanyaji wa wiki mbili usingeiona. Kusanyeni mpaka mwisho wa mwezi upite, na kama mna ripoti za robo mwaka, mpaka nazo zipite.

Kisha kuna vificho. Kigawa mzigo, kinachogawa maombi kwa seva kadhaa, kinafanya kila mshale uishie kwake, kwa hiyo someni mpangilio wake mjue nyuma yake kuna seva zipi. Foleni ya ujumbe nayo ni vivyo hivyo: wote wanakwenda kwenye programu ya foleni, mfano RabbitMQ poti 5672, na anayetuma hakutani kabisa na anayepokea. Amri ya rabbitmqctl list_consumers itawasaidia upande wa wapokeaji.

Mkumbuke pia kuongea si kutegemea. Seva ya bekapu na ya ufuatiliaji zinagusa kila mashine. Ziondoeni kwenye mchoro, ila DNS (majina ya mtandao), Active Directory (akaunti za watumiaji) na NTP (saa) zibaki juu kabisa kwenye orodha, kwa sababu lazima zitangulie kule mnakohamia. Tafuteni pia mizunguko, yaani A inamhitaji B na B anamhitaji A. Tarehe 28 Februari 2017 huduma ya S3 ya Amazon, ya kuhifadhi data, ilipoanguka, walishindwa kwa muda kubadilisha ukurasa wa kutangaza hali ya huduma zao, kwa sababu mfumo wa kuuendesha ulikuwa unategemea S3 hiyo hiyo.

Mshale wenye shaka upimeni usiku, kwa makubaliano na wenye mfumo: zuieni njia hiyo kwenye faiawoli dakika chache muone nani analia. Tumieni REJECT (kukataa kwa kujibu) badala ya DROP (kutupa kimya) ili kosa litokee papo hapo, maana ukitumia DROP programu inasubiri na mtadhani ni uzito tu. Kanuni hiyo iwekwe juu ya ile inayoruhusu miunganisho iliyokwisha kufunguliwa, la sivyo hamtakuwa mmezuia chochote.

Kuhusu kununua: hizi za kulipia ni nzuri ikiwa mnataka ramani iwe hai miaka yote na mna mtu wa kuilea. Kwa kuhama tu, ss na nfdump mkizimwaga kwenye kanzidata ya PostgreSQL zinawafikisha. Na mkinunua ile inayoingia yenyewe kwenye kila seva, itahifadhi nywila za mtandao mzima mahali pamoja, kwa hiyo watu wa usalama washirikishwe kabla ya kusaini.

Weka hapa aina ya swichi zenu na matoleo ya Linux mliyonayo, nikuandikie skripti ya kukusanya na kwiri ya kutafuta mizunguko.