Jibu: Hoteli ya La Posada, Winslow, ilijengwa kwa ajili ya nani?

Ndugu, umeuliza kwa nini kamji kadogo ka jangwani kama Winslow, kule Arizona, kalijengewa hoteli ya kifahari kiasi kile, La Posada, na kwa ajili ya nani. Jibu ni reli: ilijengwa kwa ajili ya abiria wake. Winslow palikuwa kituo kikuu cha kampuni ya reli ya Santa Fe, kwenye njia ya Chicago hadi Los Angeles. Na chakula na malazi ya abiria wa Santa Fe vilikuwa mikononi mwa kampuni ya Fred Harvey, iliyoanzia kwenye mgahawa wa stesheni ya Topeka, Kansas, mwaka 1876.

Msanifu wa jengo alikuwa mwanamke, Mary Colter, jambo la nadra zama zile. Aliibuni kama jumba la tajiri wa Kihispania, akaitungia hata historia ya ukoo ambao haukuwahi kuwepo! Ukishuka kwenye treni unavuka bustani, hatua chache tu, umeingia ndani. Upande wa pili ndiyo Route 66, ile barabara maarufu ya magari.

Nuksi yake ni wakati. Ilifunguliwa Mei 1930, miezi michache baada ya soko la hisa la New York kuporomoka. Baadaye magari na ndege vikawachukua abiria, hoteli ikafungwa 1957, fanicha zikapigwa mnada. Santa Fe wakaigeuza ofisi, wakashusha dari na kukatakata kumbi. Kwangu mimi hiyo ilikuwa dhambi, ingawa ndiyo iliyoiponya isibomolewe.

Mwaka 1997 mfanyabiashara Allan Affeldt aliinunua, akaifufua. Treni ya abiria bado inasimama hapo mlangoni.