Maswali Yenu: Ada ya Barabara Ndani ya Boti

Barua za mwezi huu ni tatu, na zote ni za kodi. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu mwenyewe amenipigia simu mara mbili kuuliza kama imefika.

SWALI: Assalaam aleikum, bibi. Mimi ni nahodha wa boti ya abiria, Mokowe kwenda Amu, yaani kisiwa cha Lamu. Mwanangu alinionyesha kwenye simu mbunge mmoja wa Pwani akizungumza siku ya mjadala wa Mswada wa Fedha, ule wa kodi za kila mwaka. Alisema watu wa visiwani tunalipa ada ya kutengeneza barabara kwa kila lita ya petroli, ilhali ndia yetu ni mai ya bahari. Wenzake wakapiga makofi, nami nikafurahi. Lakini ada iko palepale. Je, alitudanganya, au alisema wakampuuza? Wewe umekaa Bunge miaka mingi, niambie. – Nahodha, gati ya Mokowe

JIBU: Waalaikum salaam, mwanangu. Hakukudanganya. Alisema kweli, ila aliisema siku ambayo haikuwa yake.

Kwanza nikurekebishe kidogo: sikuwa mbunge. Nilikuwa Hansadi, katika wale wanaonakili kila neno linalosemwa ukumbini. Kazi yetu ni masikio. Unasikiliza kipande, unakirudia, unakirudia tena, mpaka unajua mheshimiwa fulani akikohoa atasema methali gani. Kazi hiyo ikanifundisha kutofautisha anayezungumza na kamera na anayezungumza na kifungu cha sheria.

Sasa tuje kwenye mtungi wako wa petroli. Petroli imebeba kodi za namna nyingi, lakini mbili zatutosha leo. Kuna VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ambayo tangu Septemba 2018 ilikuwa asilimia 8 kwa mafuta, na Sheria ya Fedha ya 2023 ikaipandisha hadi 16. Mbunge akiipigia kelele VAT siku ya Mswada wa Fedha, amepiga hodi kwenye nyumba yenye mtu. Ada ya barabara ina mlango wake. Sheria yake ni ya 1993, na kiwango hakiwekwi na Mswada wa Fedha. Waziri hukitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ndivyo ilivyokuwa Julai 2024, ilipotoka Sh18 ikawa Sh25 kwa lita. Uangalie huo mwezi. Juni Rais alikuwa amekataa kutia sahihi Mswada wa Fedha wa 2024 baada ya maandamano, na huku mitaani watu wakaamini kodi zote zimezikwa pamoja nao. Ada ya barabara haikuwamo jenezani.

Kwa mtungi wa lita 20 hiyo ni Sh500. Ukichoma mitungi miwili kwa siku, umelipa Sh1,000 kwa ajili ya lami, nawe tangu alfajiri hujakanyaga ila ngazi za gati.

Basi mbunge angefanya nini? Tangazo la waziri sharti lifikishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao tangu kuchapishwa. Hivyo ndivyo isemavyo sheria ya 2013 inayosimamia kanuni na matangazo ya mawaziri. Likifika, ipo kamati ya kulichunguza, na inaweza kupendekeza Bunge lilitangue. Kikao cha kamati hiyo hakina makofi. Kina chupa za maji, mafaili, na wabunge wachache wenye usingizi. Lakini mbunge wa visiwani akiingia humo na hesabu ya mtungi wako, maneno yake yana pa kushika.

Na hata kwa kodi zilizomo kwenye Mswada wa Fedha wenyewe, tofauti iko kwenye hatua. Kusomwa mara ya pili ndipo hotuba zinapotoka, na hizo ndizo mnazoziona kwenye simu. Baada yake Bunge hugeuka Kamati ya Bunge Lote, Spika anaondoka kitini, na mswada unapitiwa kifungu kwa kifungu. Anayetaka kifungu kibadilike lazima awe amekwisha kuandika na kukabidhi badiliko lake mapema. Juu ya hayo, Katiba kifungu cha 114 inasema hoja inayogusa kodi au matumizi ya fedha za umma inakwenda kwa mujibu wa pendekezo la kamati husika, ikiwa imezingatia maoni ya Waziri wa Fedha. Mheshimiwa hawezi kuamka na njozi ya usiku akapunguza kodi adhuhuri.

Namkumbuka mmoja, jina lake nalihifadhi. Mjadala mkubwa ulipokuwa moto hakusema kitu. Jirani yake alitoa methali nne, akaketi bila kusema kama anaunga mkono au anapinga, nami ikanibidi nimsikilize mara tatu kuhakikisha si mimi niliyepitiwa. Kwenye kamati, ukumbi umebaki nusu, yule kimya akasimama. Akasoma namba ya kifungu, akasoma maneno ya kufutwa, akasoma maneno ya kuwekwa, akaketi. Haikutimia dakika. Badiliko likapita. Hakuna aliyemrekodi ila sisi.

Nisikufiche jambo moja ambalo pengine halitakupendeza. Hata likija badiliko la kusamehe boti, sina hakika ni jambo zuri. Pampu haijui mafuta yanakwenda wapi. Boti zikisamehewa leo, kesho kila bodaboda ya Mokowe itajisajili kuwa mashua. Tumeliona hilo kwenye mafuta ya taa: yalikuwa rahisi kuliko dizeli, wenye tamaa wakawa wanachanganya, na tangu 2018 Serikali ikaweka ada ya Sh18 kwa lita ili faida ya kuchanganya iondoke. Aliyeumia ni mvuvi wa karabai na mama wa koroboi, ambao hawakuchanganya chochote. Ningekuwa wewe ningedai upande wa pili, wa matumizi: maadamu wenye boti wanachangia njia za nchi, fungu litengwe kwa gati, kwa taa za milangoni na kwa kuchimba mikondo inayokauka maji yakitoka. Sheria ya ada hiyo inazungumzia barabara, kwa hiyo ama ibadilishwe, ama fedha zitafutwe penginepo kwenye bajeti. Vyote viwili ni kazi ya mbunge.

Wala usimsubiri. Kila Mswada wa Fedha unapoletwa, Kamati ya Fedha hutangaza kwenye magazeti kwamba inapokea maoni, na maandishi ya karatasi moja yanapokewa sawa na ya wakili. Nje ya msimu huo kuna ombi Bungeni, haki ya kila mtu chini ya kifungu cha 119. Andika lita unazotumia kwa siku, ada unayolipa, na kile unachotaka kifanyike. Usiandike kwamba viongozi wamewasahau. Nimenakili sentensi hiyo mara nyingi mno, na sijaona ikibadilisha kifungu.

SWALI: Bi, mbunge mmoja anagawa karatasi inayosema amechangia mijadala ya bajeti na kodi kuliko wenzake wengi. Mimi ni mwoka mikate, sina muda wa Nairobi. Nitahakikisha vipi? – Mwoka mikate, Malindi

JIBU: Huhitaji Nairobi. Hansadi, yaani kumbukumbu ya yote yasemwayo ukumbini, imewekwa kwenye tovuti ya Bunge, imepangwa kwa tarehe, bila malipo. Anza na Mei na Juni, kwa sababu makadirio ya bajeti hufika Bungeni mwisho wa Aprili na mijadala ya fedha hujaa miezi hiyo. Tafuta jina lake, usome alichosema. Usihesabu tu. Anayesimama kusema "hoja ya nidhamu, Mheshimiwa Spika, kuna kelele" anahesabiwa amechangia sawa na aliyeeleza jedwali zima.

Jaribu na hili, nawe ni fundi wa mkate. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16, na Kamati ya Fedha ikatangaza kuliondoa pendekezo hilo kabla ya kusomwa mara ya pili. Sasa tazama maneno yake kuhusu mkate. Alisema ubaki kwenye asilimia sifuri, au alisema usamehewe kodi? Mtaani ni kitu kimoja. Kwenye tanuri lako ni viwili mbalimbali. Ukiwa umesajiliwa VAT na bidhaa yako iko kwenye asilimia sifuri, VAT uliyolipa kwenye mifuko ya kufungia na kwenye umeme unaidai urudishiwe. Bidhaa ikiwa imesamehewa, huwezi kudai kitu. Inakubakia wewe, nawe utaiingiza kwenye bei ya mkate kimyakimya. Nimewasikia wabunge wakishangiliwa kwa kuomba bidhaa "isamehewe kabisa", kumbe wanaitoa kwenye sifuri na kuipandisha bei. Anayejua tofauti hii, hata akisema mara mbili tu kwa mwaka, mimi ningempa kura yangu.

Kuhusu lugha, usihukumu. Kanuni za Bunge zinaruhusu Kiswahili, Kiingereza na lugha ya ishara, ila aliyeanza kwa moja amalizie kwa hiyo hiyo. Wengi huanza Kiswahili kwa madaha, wakifika kwenye majedwali ya kodi wanakwama, Spika anawakumbusha, ukumbi unacheka. Aliyevuka salama, mshukuru.

Mwisho angalia kura. Kura ya sauti haiachi jina la mtu. "Ndiyo" zikizidi, basi. Lakini ikipigwa kura ya kuhesabu, kila jina linaandikwa. Juni 25, 2024 Mswada wa Fedha ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106, na majina yapo. Kama karatasi yake ina mijadala na haina kura, muulize kwa nini.

SWALI: Nalipishwa ada ya kibanda na leseni, na mwaka huu zimepanda. Nimemwandikia mbunge, nimemwandikia na seneta. Kimya. – Fundi cherehani, Langoni

JIBU: Pole, mwanangu, umewaandikia wasiohusika. Seneta hapigi kura hata kwenye Mswada wa Fedha wa taifa. Miswada ya fedha ni ya Bunge la Taifa peke yake. Na ada ya kibanda si ya hao wawili, ni ya kaunti, na anayeipigia kura ni mwakilishi wadi wako, ambaye pengine unapishana naye kila siku hapo mtaani. Mswada wa Fedha wa kaunti hutakiwa upitishwe ndani ya siku 90 baada ya bunge la kaunti kuidhinisha bajeti, kwa hiyo Julai mpaka Septemba ndiyo miezi yako. Nenda na risiti za mwaka jana na za mwaka huu, zote mbili, umwekee mezani.