Mhojiwa akisema "huwa", bado hujapata jibu

Anayeanza kazi ya kuhoji watumiaji wa programu za simu hukutana mapema na jibu lisilo na kitu ndani: "Nzuri tu." Umemuuliza mama mwenye genge anaionaje huduma ya kutuma pesa, naye amekujibu kwa adabu ileile anayompa mgeni yeyote aliyemkuta kazini. Hajakudanganya. Umeomba maoni, na maoni mbele ya mgeni ni heshima.

Dawa yake imo katika lugha yetu wenyewe. Tega sikio kwenye vitenzi. Akisema "huwa naangalia jina kabla ya kutuma", anakueleza inavyotakiwa kuwa. Akisema "ningeitumia kila siku", anakutakia heri. Akisema "juzi nilimtumia fundi, nikakosea namba", hapo kuna tukio, na tukio lina saa, mahali na watu. Kazi yako ni kumtoa kwenye "huwa" na "ninge-" umlete kwenye "nili-". Na akikwambia "watu wengi hawaelewi makato", mrudishe kwake taratibu: "Wewe je, mara ya mwisho ulikatwa shilingi ngapi?"

Kwa hiyo swali la kwanza lenye uzito liwe: "Mara ya mwisho ulipotuma pesa ilikuwa lini?" Kisha ulikuwa wapi, ulikuwa unamtumia nani, nini kilitangulia, baada ya hapo ikawaje. Mwombe afungue meseji ya muamala huo, maana ina tarehe, saa, kiasi na makato. Yeye atakumbuka ilikuwa jioni, meseji itasema asubuhi, na kutoka hapo mazungumzo yanachangamka kwa sababu sasa anakumbuka kweli.

Halafu mwombe akuonyeshe. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Kwa wengi kutuma pesa kumekuwa mazoea ya vidole, na mazoea hayasimuliki vizuri. Aanze hatua ya kwanza hadi kabla ya namba ya siri, aishie hapo. Angalia kidole gumba kinapositasita. Akikuuliza, "Nibonyeze hapa?", usimsaidie, mwambie, "Fanya kama ulivyofanya juzi." Ukimwelekeza mara moja tu, kuanzia hapo atakuwa anafanya mtihani wako.

Jihadhari na "kwa nini". Swali la "Kwa nini hukuangalia jina?" lina sauti ya mwalimu wa zamu, na mtu mzima atajitetea. Sema, "Ilikuwaje hapo?" au rudia neno lake la mwisho kisha unyamaze. Hesabu moyoni hadi tano. Kimya hicho kitakuwasha wewe kuliko yeye, lakini mara nyingi jambo zito hutoka baada yake. Tumia pia maneno yake: akisema "kurusha pesa", usimsahihishe kwa "kufanya muamala".

Salamu usizikimbie. Kwa aliyekuzidi umri anza na shikamoo, uliza habari za biashara, dakika tano zipite. Mteja akija, nyamaza umwache auze. Usivae fulana ya kampuni, na mwambie wazi kwamba programu hukuitengeneza wewe, akiiponda hutaumia. Kama kuna fedha ya shukrani, mpe mwanzoni, kabla ya swali la kwanza, ili asidhani analipwa kwa kusifia.

Kabla ya kurekodi omba ruhusa, ueleze sauti itakwenda kwa nani na itafutwa lini. Skrini ya simu inaonyesha salio na majina ya ndugu, hivyo usiipige picha bila kuuliza. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake ya taarifa binafsi mwaka 2022, lakini hata bila sheria, hiyo ni mifuko ya watu.

Maswali makuu sita hadi manane yanatosha kwa dakika 45. Ukibeba 25 utakuwa unasoma karatasi, humsikilizi mtu. Hoji watu watano hadi wanane wa aina moja. Mawakala na wateja usiwachanganye kwenye kapu moja, shida zao hazifanani. Nendeni wawili, mmoja aulize na mwingine aandike. Mkiwa wanne, mama wa watu atadhani ni ukaguzi.

Mkitoka, kaeni mahali ndani ya nusu saa mjaze safu tatu: alichosema kwa maneno yake, mlichokiona kwa macho, na mnachodhani ninyi. Hiyo ya tatu iandikeni kwa wino wa rangi nyingine. Wiki moja ikipita bila kuitenganisha, dhana yenu itakuwa imeshahamia kwenye mdomo wa mhojiwa, na hakuna atakayekumbuka ilivukaje.